Namba Niliyompa Fundi Baridi

Jumapili, 3 Machi

Mvua ya kwanza leo, na pamoja na mvua kaingia mtu. Binti yangu wa mwisho, Kitinda, kaleta mchumba.

Mwanamume mzima, fundi wa mafriji. Mkewe mtarajiwa anauza dawa kwenye duka la dawa lenye vioo, yeye anashinda kajiinamia nyuma ya friji za watu. Kaingia na viatu vimelowa, kakaa kwenye kochi langu bila kuangalia anakalia nini, kacheka. Huyu ni wa kucheka kabla hujamaliza kusema. Nimeshamwita Fundi Baridi, na jina limemkaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mimi hesabu nazipenda sana, mzee."

Kaambiwa nimefundisha hesabu maisha yangu yote, basi kaona anipake mafuta. Nimewasikia wengi wanaozipenda hesabu. Wanazipenda kama watu wanavyompenda simba, akiwa mbali.

Kitinda kasema mbele ya mama yake kwamba haolewi mpaka mimi niseme ndiyo kwa mdomo wangu mwenyewe. Akisema kasema huyo, namjua. Mke wangu kanikazia macho kuniambia nisiharibu. Basi sikuharibu. Nikachukua karatasi nikaandika: 5,882,353.

"Nitafutie namba inayoigawa hii bila kubaki kitu," nikamwambia. "Si moja, wala si yenyewe. Kwa kalamu na karatasi. Simu usiiguse. Siku utakayoniletea, siku hiyohiyo nasema ndiyo."

Kaikunja, kaiweka mfuko wa shati. "Nitaleta, mzee. Wala usihofu."

Hataleta. Ni namba tasa hiyo. Haigawanyiki kwa chochote ila kwa moja na kwa yenyewe, leo, kesho na kiama. Nimekataa bila kutamka hapana, na hakuna wa kunilaumu. Leo nitalala kama mtoto.

Jumatatu, 4 Machi

Niiandike vizuri hapa, maana katika nyumba hii hakuna mwingine wa kuielewa.

Ikate vipande viwili: 588 na 2,353. Zidisha 588 kwa yenyewe, unapata 345,744. Zidisha 2,353 kwa yenyewe, unapata 5,536,609. Jumlisha. Imerudi, 5,882,353, nzima, kama vile haikuguswa na kisu. Na hakuna jozi nyingine ya namba nzima itakayokupa jibu hilo kwa njia hiyo. Ni hiyo tu.

Sasa izidishe kwa kumi na saba. Unapata 100,000,001, moja huku, moja kule, katikati sifuri tupu. Kwa hiyo mtu yeyote akikutajia namba ya tarakimu nane, ukaizidisha kwa kumi na saba kisha ukaizidisha kwa hii yangu, namba yake inatoka imeandikwa mara mbili mfululizo. 12,345,678 inatoka 1,234,567,812,345,678. Nimewahi kuwafanyia walimu wenzangu mchezo huo ofisini. Mmoja kauliza kama ni uchawi, mwingine kauliza chai iko wapi. Ndio watu niliozeeka nao.

Mtu ukimkata vipande viwili ukajumlisha, harudi. Ndiyo maana mimi na namba tunaelewana.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Friji limekufa. Mke wangu kasema, "Fundi si tunaye?" Nikamwambia hakuna fundi atakayeligusa mpaka swali lijibiwe. Sitaki kuhongwa kwa gesi ya friji.

Jumamosi, 9 Machi

Kaja. Kalowa chapachapa, karatasi kaifunga ndani ya mfuko wa nailoni, mwenyewe hana mwavuli. Ana uso wa mtu anayeleta habari njema.

"Mzee, niko karibu sana! Kwa mbili imebaki moja. Kwa tatu imebaki moja. Kwa nne, moja. Kwa sita, moja. Kwa saba, moja. Kwa nane, moja! Ukiacha tano, kila mahali nakosea kwa moja tu."

Jamani. Mtu huyu anadhani ukigawanya ikabaki moja basi umeikosakosa, kama mpira uliogonga mwamba. Sikumwambia kitu. Ningemwambia kwamba jirani wa chini wa namba yangu, 5,882,352, ndiyo namba ya ovyo, mlango wazi usiku na mchana: mbili wanaingia, tatu wanaingia, saba wanaingia, arobaini na moja, sitini na moja, karibuni wote. Kwa hiyo ukigonga kwangu kwa hao, lazima ibaki moja. Si ukaribu huo, ni kufungiwa mlango usoni.

Mke wangu, aliyekuwa anamenya viazi, kadakia: "Lakini kwa moja si inagawanyika? Mpe ndiyo yake aende akaoge."

Wote watatu, Kitinda naye kwenye kigoda, wamecheka. Mimi nimeinua gazeti.

Jumanne, 12 Machi

Maziwa yameharibika. Nalaumiwa mimi.

Jumamosi, 16 Machi

Asubuhi nimecheza drafti na Mwalimu wa Jiografia, tuliyestaafu naye pamoja. Ni mtu aliyefundisha kwamba mito inatiririka, miaka yote hiyo, na akalipwa. Nimemsimulia habari ya Fundi Baridi na namba yangu. Kacheka mpaka kete zimemwagika. Kisha kafuta macho.

"Na kijana anagawanya kweli?"

"Kila siku, akitoka kazini."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono. Simu anayo mfukoni, angeiuliza tu ingemjibu kabla hajafumba mdomo. Haigusi. Nimemkataza, basi haigusi. Umewahi kuona zuzu kama huyo?"

Kasema umempa mtu ufunguo na mlango umeuchora ukutani. Kisha kaondoka mapema, kasingizia mvua. Huyo naye siku zote hana msimamo.

Mchana kaja Fundi Baridi. Kafika thelathini na mbili. Anagawanya kwa kila namba, hata kwa thelathini! Namba inayoishia na tatu anaigawanya kwa thelathini! Nimekaa nimemtazama anavyosoma mabaki yake kwa sauti, na sijui kwa nini sikumfukuza.

Jumamosi, 23 Machi

Kuna aliyemfungua macho. Leo kaja anagawanya kwa namba tasa tu, na anajua pa kuishia.

"Kitinda kaniambia nikifika 2,425 nisimame," kasema. "Kasema kama ingekuwa na vipande viwili vinavyozidishana, haiwezekani vyote viwili viwe vikubwa kupita hapo. Kimoja lazima kiwe chini. Nimefikiri usiku mzima, mzee. Ni kweli!"

Kaniambia mimi kwamba ni kweli. Nimeyafundisha hayo kabla yeye hajaota jino.

Nimemtazama Kitinda. Anakaa pale pale kila Jumamosi, kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, magoti pamoja, hasemi. Nilidhani anakuja kumtazama mchumba wake. Leo nimegundua ananitazama mimi. Labda ananichunguza kama nimechoka. Sijachoka.

Ijumaa, 29 Machi

Mvua mchana kutwa. Paa linavuja juu ya kabati. Hakuna jipya.

Jumatano, 3 Aprili

Nimefungua friji kwa mazoea, limenipulizia ubaridi usoni. Linanguruma vizuri kuliko lilipokuwa jipya. Nimeuliza, mke wangu kasema limepona lenyewe. Anadhani ameolewa na mtoto mdogo. Nimekunywa maji yake lakini, ya baridi, glasi mbili.

Jumamosi, 13 Aprili

Leo niandike yote.

Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka hatusikilizani. Saa nane mchana mlango umegongwa kama wa kuvunjwa. Fundi Baridi huyo, hana kofia, hana viatu, kavishika mkononi, karatasi kaichomeka kifuani ndani ya shati.

"Mzee! Imeingia! Imeingia yote!"

"Nini imeingia?"

"613! 613 mara 9,596! Haikubaki kitu!"

Mke wangu kapiga kigelegele akiwa bado na mwiko. Kitinda kasimama. Nimeinyakua ile karatasi, nikaenda nayo mezani, nikavaa miwani, miwani imejaa mvuke, nikaifuta kwa shati. Nimeogopa.

Kwa sababu mimi sikuwahi kuigawanya kwa 613. Hapo ndipo ilipo aibu. Nilisoma kwenye kitabu nikiwa chuoni kwamba ni tasa, nikaamini, nikaibeba miaka yote kama mali yangu. Huyu kaigawanya. Mimi niliiamini tu.

Nimeanza. 613 ndani ya 5,882, mara tisa, imebaki 365. Shusha tatu. Mara tano, imebaki 588, na hapo moyo umenipiga pa, maana 588 ni kile kipande chake cha mbele. Shusha tano. Mara tisa, imebaki 368. Shusha tatu, 3,683. Mara sita. Sita mara 613 ni 3,678.

Imebaki tano.

Yeye kaandika 3,683. Sita mara kumi na tatu, ile ya mwisho wa 613, kaandika themanini na tatu, badala ya sabini na nane. Juu kaona 3,683, roho yake ikataka na chini iwe 3,683, mkono ukaandika. Nimewaona wanafunzi elfu wakifanya hivyo. Wanaona wanachokitaka.

"Tano," nikasema. "Imebaki tano. Sita mara kumi na tatu ni ngapi?"

Kahesabu kwa midomo. Nimeuona uso wake unavyoshuka. Hakubisha, hakusema labda. Kasema, "Sabini na nane. Nimekosea, mzee. Nisamehe, nimekushtua."

Kaniomba msamaha mimi!

Mke wangu kamletea taulo. Kavaa viatu vyake vilivyolowa, kakunywa chai, kaondoka na karatasi yake kwenda 617.

Sasa wamelala wote, na naandika jambo ambalo sipendi kuliandika. Kile nilichokiogopa pale mezani kilikuwa namba. Niliogopa namba yangu isije ikawa imegawanyika. Mpaka nimemaliza kukokotoa, sikumkumbuka binti yangu hata mara moja, na alikuwa kasimama hatua mbili kutoka kwangu.

Ijumaa, 19 Aprili

Mke wangu kauliza jikoni, bila kugeuka, "Hivi hiyo namba inagawanyika?"

"Mambo ya hesabu hayo."

"Sijauliza hesabu. Nimekuuliza wewe."

Nimetoka nje kuangalia mfereji kama umeziba. Haukuwa umeziba.

Jumamosi, 27 Aprili

Kaja na homa. Macho mekundu, anakohoa kama gari bovu. Kasoma mabaki yake mpaka 1,301. Nimemkagua matano bila kumwambia. Yote sahihi. Tangu lile kosa la 613, anahakiki kila mstari kwa kuzidisha kurudi nyuma. Hakuna aliyemfundisha hilo. Hata mimi sikuwafundisha wanafunzi wangu, nilikuwa nawachapa tu wakikosea.

Bado anacheka kabla sijamaliza kusema. Bado namdharau. Nimemwambia avae sweta.

Jumamosi, 11 Mei

Saa nane imepita, hajaja. Saa tisa hajaja. Nimekwenda dirishani mara tatu, mara ya tatu mke wangu kanikuta hapo.

"Unamtafuta nani?"

"Naangalia mvua."

"Mvua imekatika tangu asubuhi."

Kaja saa kumi, alikuwa kwenye chumba cha baridi cha bucha fulani, injini ilikufa. Nimemkaripia kwa kuchelewa. Zee zima lililosomea hesabu linamsubiri fundi wa friji dirishani. Nikijitazama, namwona Mwalimu wa Jiografia, hana msimamo.

Jumamosi, 18 Mei

2,287. Amekonda.

Nimekaribia kusema leo. Kabisa. Maneno yalikuwa hapa. Kisha nikafikiri: nitasemaje? Kwamba msimu mzima nilikuwa nacheka? Nimesema, "Andika saba zako vizuri, zinafanana na moja."

Kitinda kanitazama mpaka nimegeuza uso.

Jumamosi, 25 Mei

Kaja kavaa shati jeupe lililopigwa pasi. Kaja na makaratasi yote, tangu lile la kwanza, yamefungwa kwa kamba ya katani. Kayaweka mezani kwangu. Hakukaa.

"Nimemaliza, mzee. Ya mwisho ni 2,423. Inaingia mara 2,427, inabaki 1,732. Baada ya hapo hakuna nyingine chini ya 2,425."

"Kwa hiyo?" nikasema.

"Kwa hiyo nimekosea mahali."

Nimeyatazama makaratasi.

"Lazima nimekosea," kasema. "Nimekesha nikitafuta wapi. Maana wewe ni mwalimu, mzee. Wewe ni baba yake. Huwezi kunipa kitu ambacho hakipo. Kipo, ila kimenipita. Kama siku ile ya 613, niliona kisichokuwepo, basi safari hii sikuona kilichopo." Kayagusa makaratasi yake. "Naomba uniruhusu nianze upya. Tangu mbili. Safari hii nitakwenda polepole."

Mke wangu yuko mlangoni, kashika ufagio. Kitinda kwenye kigoda chake. Wote wananitazama mimi, na yeye Fundi ananitazama kwa yale macho ya mtu anayeomba nafasi ya pili kwa mtu anayemheshimu.

Lilikuwa neno moja tu: ndiyo. Hata mtoto angelisema. Nimefungua mdomo, na nikamsikia mwalimu wa zamani akiongea, yule wa darasani, yule asiyewahi kukosea mbele ya watu.

"Anza upya," nikasema.

Kitinda kasimama. Kaingia chumbani kwake, katoka na begi. Lilikuwa limeshafungwa. Kaliweka chini katikati ya sebule.

"Baba, hiyo ni tasa."

Nimeitazama ile kamba ya katani.

"588 na 2,353. Ulinifundisha mwenyewe, nikiwa darasa la sita, jikoni hapa, kwa mkaa, kwenye sakafu. Mama akakugombeza kwa kuchafua. Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Naapa. Nilijua nimewahi kumfundisha mtu, sikukumbuka kuwa ni yeye.

"Nilijua tangu siku ya kwanza ulipoiandika," kasema. Hakuwa analia. Afadhali angelia. "Ningemwambia siku ileile. Lakini nikasema hapana, baba yangu anatania, atasema mwenyewe. Jumamosi ijayo atasema. Kila Jumamosi nimekaa pale nikisubiri useme. Hukuwa unampima yeye, baba. Mimi ndiye niliyekuwa nakupima wewe."

Fundi Baridi kageuka kwangu. Na hata hapo, baada ya kusikia yote hayo kutoka kwa mtu anayetaka kumuoa, kaniuliza mimi, kwa adabu:

"Kweli, mzee?"

"Kweli," nikasema.

Nilitegemea anitukane. Nilikuwa tayari, hata nilitaka. Kasimama kafikiri, na uso wake ukafunguka taratibu, kacheka, kicheko chake kilekile cha kijinga.

"Kumbe sikukosea!" kamwambia Kitinda. "Umesikia? Sikukosea!"

Kabeba begi. Kitinda kamkumbatia mama yake, kwa muda mrefu. Kwangu kasema, "Kwaheri, baba." Kisha wametoka, na mlango wameufunga polepole, kama watu wanaomwachia mgonjwa alale.

Jumapili, 26 Mei

Mke wangu hasemi nami. Ana haki.

Jumatatu, 27 Mei

Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nimeisema leo chooni, mlango nimeufunga. Haina uzito wowote, neno jepesi kabisa. Mpumbavu mkubwa mimi.

Jumamosi, 8 Juni

Jua kali. Matope yamekauka yakawa vumbi.

Wameoana leo, ofisini, mbele ya karani. Mke wangu kaenda na gauni lake la bluu. Mimi sikuitwa. Karudi jioni, kavua viatu, kakaa. Nimemuuliza ilikuwaje, kasema vizuri. Nimemuuliza kama kuna aliyeniulizia.

"Karani kauliza baba wa bibi harusi yuko wapi. Kitinda kasema hayupo."

"Hayupo kivipi? Nimesafiri? Naumwa?"

"Karani hakuuliza zaidi."

Kaenda kulala. Mimi nimerudi kwenye makaratasi ya Fundi aliyoyaacha mezani, maana wiki zote mbili hizi nimekuwa nayasahihisha, moja moja, tangu mbili mpaka 2,423, kwa kalamu nyekundu, kwa mkono, simu sijagusa. Usiku huu nimemaliza. Nimeweka alama ya vema kwenye ukurasa wa mwisho, nikaandika chini yake "Kazi nzuri sana", maneno ambayo sikumbuki kama nimewahi kumwandikia mtu. Nikayafunga tena kwa kamba yake. Kisha nikakaa, maana sijui wanaishi wapi, na mke wangu anayejua nimeogopa kumwamsha.